Uji wa Felisita

Siku wazee wa Masunga walipokuja kuposa, Lukresia alikuwa ameshajua jambo ambalo akilisema atampata mwanamume anayempenda na kumpoteza mama yake, na akilinyamazia itakuwa kinyume chake. Alikuwa jikoni, amechuchumaa mbele ya sufuria ya wali, mwiko mkononi, na hakukumbuka mara ya mwisho aliugeuza lini.

"Unaunguza," mama yake alimwambia taratibu.

"Nisamehe, Mayu."

Mama alichukua mwiko, akageuza mwenyewe. Hakuuliza kitu. Tangu juzi mama huyu hakuwa anauliza kitu, na ukimya wake ulimtesa Lukresia kuliko maneno makali ya baba.

Lukresia alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alikuwa na shahada mbili na alikuwa akisomea ya tatu kule Uholanzi, ambako kazi yake ilikuwa kulijenga ini la binadamu ndani ya kompyuta, kwa hesabu tupu, ili aone linavyojipanga na kusafisha sumu. Lakini hapa Bariadi, nyumbani kwa baba yake, Mzee Januarius, mwanamke huyo msomi hakutoka nje ya geti bila kuulizwa anakwenda wapi, na jibu likielekea tu upande wa stendi, geti lilifungwa. Pasipoti yake ilikuwa sandukuni chumbani kwa baba. "Kwa usalama," baba alisema. Alikuja likizo, akajikuta kifungoni.

Kosa lake lilikuwa moja: kumpenda Masunga.

Walipendana tangu kidato cha tano. Masunga akasomea mambo ya dawa, akarudi kufungua duka la dawa karibu na stendi, na mipango yao ilikuwa wazi kwa kila mtu. Hata Mzee Januarius alikuwa akimwita mkwe kwa utani. Kisha, miaka miwili iliyopita, Lukresia akiwa ng'ambo, dada yake mkubwa Felisita akaugua. Homa, maumivu ya mwili, kutapika. Macho yakageuka manjano. Alikata roho njiani kupelekwa Mwanza, na daktari aliyeupokea mwili akasema ini lilikuwa limezidiwa na dawa.

Dawa zilinunuliwa kwa nani? Kwa Masunga. Mzee Januarius hakutaka kusikia zaidi ya hapo.

Lukresia alilia mpaka machozi yakamkaukia, halafu akaenda kwa profesa wake akamwambia anataka kuacha utafiti aliouanza na kuhamia kwenye ini. Profesa alidhani ni hamu ya elimu. Ukweli ni kwamba alitaka kujua kama mpenzi wake alimuua dada yake. Alijenga ini lake seli kwa seli. Lilipokuwa tayari, aliliingizia vidonge vile ambavyo Masunga alimuuzia Felisita, kwa kipimo alichomwandikia. Ini lilivisafisha. Akalidhoofisha kwa homa, akaliingizia tena. Likavisafisha. Akajaribu kila namna aliyoweza kuifikiria, na kila mara ini lilibaki hai.

Basi alirudi nyumbani akiwa na furaha ya kijinga moyoni. Alikuwa na jibu! Angemwonyesha baba, baba angeelewa, Masunga angesafishika. Alianza na mama kwa sababu mama ni rahisi kuongea naye. Hiyo ndiyo iliyokuwa juzi.

"Tazama, Mayu," alimwambia, kompyuta ikiwa mapajani, mama akichambua mchele pembeni yake.

"Hiki ni nini, ng'wanone? Mbona kama kitenge?"

"Ni ini. Kipande kidogo sana, nimekikuza. Haya madoa ni seli. Damu inaingia huku juu, inapita katikati yao, inatokea kule chini."

"Kama maji kwenye majaluba ya mpunga."

"Kama majaluba hasa! Jaluba la juu linapata maji ya kwanza, la mwisho linapata yaliyobaki. Sasa ona, seli hizi zote zilianza zikiwa sawa. Lakini kila moja inasoma kile kinachoifikia, inajua iko wapi, inachagua kazi yake. Hakuna msimamizi. Hata nikizivuruga, nikifungulia damu zinajipanga tena zenyewe."

Mama alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza Lukresia kumsikia akicheka tangu afike. "Zina akili kuliko wanaume wa ukoo wa baba yako. Na sumu?"

"Sumu nyingi ni kazi ya hizi za chini. Hata dawa ya maumivu. Zinaigeuza ili itoke mwilini, ila katika kuigeuza kuna sehemu ndogo inakuwa kali sana. Seli ina akiba yake ya kuizima hiyo kali. Dawa ikizidi, akiba inaisha, na seli inaungua. Zinaanza hizi za mwisho, moto unapanda kwenda juu."

"Akiba inatoka wapi?"

"Kwenye chakula, Mayu."

Vidole vya mama vilisimama juu ya ungo.

"Felisita hakuwa anakula," alisema. "Hata maji alikuwa anayarudisha. Ndiyo maana mimi nilikuwa namtwangia vidonge nachanganya na uji, angalau vimfikie. Namshika kichwa hivi, namnywesha kidogo kidogo. Vile vya Masunga, na vile vya mafua nilivyonunua pale kioski, na vile vyangu vya mgongo. Nilisema homa hii ni kubwa, kimoja hakiitoshi. Usiku hakulala, nikampa tena. Alikuwa ananiambia, Mayu wabeja. Mpaka mwisho alikuwa ananishukuru."

Lukresia alivijua vidonge vile vyote. Majina yalikuwa tofauti, pakiti za rangi tofauti, lakini ndani yake mlikuwa na dawa ile ile. Mama yake alikuwa amempa dada yake dawa moja mara tatu, na mara tatu tena, ndani ya mwili uliokuwa hauna akiba, kwa mkono ule ule uliomlea.

Alifunga kompyuta. Mama alimtazama. Lukresia alisema anaumwa kichwa, akaenda kulala, na tangu pale hawakuwa wameongea kitu kilichozidi chumvi na kuni.

Sasa wageni walikuwa sebuleni.

"Nenda ukasalimie," mama alisema.

Lukresia alijifunga kanga, akaingia, akapiga magoti. "Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu," alijibu Mzee Kasmiri, mjomba wa Masunga, kwa sauti ya upole. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alikuja na wazee wenzake wawili, na wote walikaa kwenye ncha za makochi kama watu wasiotarajia kukaa sana.

Masunga hakupaswa kuwepo, mila hairuhusu. Lakini kupitia dirishani Lukresia alimwona amesimama nje ya geti, kando ya gari la mjomba wake, mikono nyuma. Alikuwa amekonda. Shati alilovaa lilikuwa lile la samawati alilomnunulia yeye, na sasa kola yake ilimpwaya shingoni.

Mzee Kasmiri alikohoa, akamwita Mzee Januarius kwa jina la baba yake. "Ng'wana Mboje, hatukuja na mengi. Kijana wetu anahitaji jiko, na jiko tumeliona kwenye nyumba hii. Si leo tumeliona, unajua. Tunajua pia msiba ulikaa katikati. Tumesema tuje kwa heshima, tukae, tuongee kama watu."

Mzee Januarius alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, uso wake ulikuwa mtulivu, na Lukresia akajua kwamba ni vibaya. Baba akipiga kelele huwa anasikia. Akitulia, ameshamaliza kusikia.

"Kasmiri, mimi nakuheshimu. Pamba yako na yangu zimepimwa mzani mmoja tangu tukiwa vijana. Kwa hiyo sitakufukuza kama mbwa. Nitakuuliza tu. Mtu amekuuzia sumu, umezika mtoto wa kwanza. Akija kuomba wa pili ukampa, watu watakuitaje?"

"Hilo la sumu halijathibitishwa na mtu yeyote."

"Kaburi liko Kasoli. Nenda kalithibitishe."

Mzee Januarius aliinuka, akatoka barazani, akaita kwa sauti iliyofika hata kwa majirani.

"Wewe! Ingia hapa!"

Masunga aliingia mpaka katikati ya uwanja, akasimama juani.

"Sema mbele ya wazee wako. Uliuza hukuuza?"

"Niliuza, mzee."

"Alikunywa hakunywa?"

"Alikunywa."

"Una la kusema?"

Masunga alitazama dirisha. Macho yake yalikutana na ya Lukresia, na kwa nukta moja kila kitu kilichokuwa kati yao kilikuwa pale, barua, ahadi, sauti zao kwenye simu usiku wa Ulaya. Kisha macho hayo yakampita, yakatua nyuma ya bega lake, pale mlangoni mwa jikoni, mama yake alipokuwa amesimama.

"Sina, mzee."

"Baba," Lukresia alisema. Sauti ilimtoka kabla hajaipa ruhusa.

Wote waligeuka. Mzee Januarius akamtazama. "Nini?"

Hesabu zote alikuwa nazo. Sentensi moja tu ilitosha: vidonge vya Masunga peke yake visingeweza. Na baada ya sentensi hiyo lingekuja swali moja tu: basi nani? Alisikia nyuma yake pumzi ya mama, fupi fupi, kama ya mtu anayepanda mlima.

"Nimekuuliza, nini?"

"Hakuna kitu, baba."

Wazee walichukua kofia zao. Wali ulibaki jikoni, nyama ilibaki, hakuna aliyenawa mikono. Geti lilipofungwa, Mzee Januarius aliweka kufuli, akaingia ndani kujilaza, na nyumba ikanyamaza kabisa isipokuwa upepo wa kiangazi uliokuwa ukisukuma vumbi chini ya milango.

Nyuma ya zizi kulikuwa na ua wa minyaa, mzito, ambao tangu utotoni Lukresia alijua ulipo uwazi wake. Alikwenda kwa kisingizio cha kuokota kuni. Hakuwa amepanga naye, lakini alijua atakuwepo. Na Masunga alikuwepo, upande wa pili, amechuchumaa kama mwizi.

"Kwa nini hukujitetea?" alimvamia kwa kunong'ona. "Anakutukana mbele ya mjomba wako, unasema sina, mzee? Huna? Miaka miwili yote huna?"

"Usiguse hayo matawi. Utomvu ukikuingia machoni utapofuka."

"Nijibu, Masunga!"

"Ningesema nini?"

"Ukweli! Nilikwambia kwenye simu, nimelijaribu lile ini kila namna. Vidonge vyako peke yake haviui."

"Najua."

"Unajua? Unajua nini, wewe huna hata hizo hesabu."

Masunga alikuwa akichora mavumbini kwa kijiti, akifuta, akichora tena. Kisha akainua uso.

"Wewe unazo hizo hesabu, Lukresia. Ulikuwa umesimama pale dirishani. Baba yako akakuuliza nini. Mbona na wewe hukuzisema?"

Walitazamana kupitia matawi yale ya kijani yasiyo na majani.

"Unajua," Lukresia alisema.

"Na wewe unajua."

"Tangu lini?"

"Wiki ile ile ya matanga. Mama yako alikuja dukani na mfuko wa nailoni, una mabaki ya pakiti. Akaniuliza kama ahifadhi au zimeisha muda. Akaniambia alivyokuwa anampa kwenye uji. Alikuwa hajui, Lukresia. Alinisimulia kama anavyosimulia mtu aliyejitahidi. Nikamwambia zimeisha muda, Mama, nipe nizitupe. Nikazitupa."

"Na ukanyamaza."

"Ningemwambia mama aliyetoka kuzika?"

"Ungeniambia mimi!"

"Ili ufanye nini? Uje ubebe? Jitazame sasa unavyobeba."

"Uliniamulia!" Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Watu wote mnaniamulia. Baba ameshika pasipoti, wewe umeshika ukweli, na mimi nakaa katikati kama kuku aliyefungwa miguu. Umewaacha watu wakakuita muuaji, ukaniacha na mimi nikalala nikijiuliza kama ni kweli. Unajua mara ngapi nilijiuliza? Nilikupenda huku nakuogopa!"

Hilo lilimpiga. Alifumba macho.

"Hilo sikulijua," alisema. "Hilo nakuomba radhi."

Ng'ombe mmoja alijikuna kwenye nguzo ya zizi.

"Duka nimelifunga," Masunga alisema. "Hakuna anayeingia tena, wanapita mbele wanakwenda kwa jirani. Nimepata fremu ya duka Lagangabilili, huko Itilima, kuna ofisi mpya kule, watu hawanijui. Naondoka leo."

"Unanikimbia?"

"Nakupunguzia. Ukiolewa na mimi kwa nguvu, siku moja baba yako atakulazimisha ueleze, na utaeleza, kwa sababu wewe huwezi kudanganya hata mtoto. Sitaki nyumba yangu ijengwe juu ya mama yako."

"Na mimi nijengwe juu ya nini?"

Masunga alipitisha mkono kwenye uwazi, polepole, akikwepa matawi, na Lukresia akapitisha wake. Vidole tu ndivyo vilivyofika. Alivishika vidole vile kwa nguvu, vikavu, vyenye harufu ya dawa mpaka leo, na akawaza kwamba hii ndiyo sehemu yote ya mume wake atakayoipata duniani.

"Lukresia!" Baba aliita kutoka barazani. "Kuni gani hizo zisizoisha?"

Vidole vikaachana.

Aliporudi jikoni, mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, hana kazi mkononi. Lukresia hakuwahi kumwona mama yake bila kazi mkononi.

"Umemwona?"

"Nani, Mayu?"

"Usinifanye mtoto. Umemwona?"

"Ndiyo."

"Amekwambia habari zangu?"

Kuni chache alizobeba zilimponyoka. Mama hakuzitazama.

"Mimi niliuona uso wake," mama alisema. "Siku ile dukani. Nilikuwa naongea, nikaona uso wake unabadilika, halafu akaurudisha haraka akaniambia zimeisha muda. Nilitoka pale nikajiambia, Nyanjige, kuna kitu. Lakini sikutaka kukijua. Mtu anaweza kukaa mlangoni mwa jambo, ng'wanone, akakaa miaka, asifungue. Halafu wewe juzi ukaniletea lile ini lako kama kitenge. Uliponyamaza, mlango ukafunguka wenyewe."

"Mayu, hukujua. Hakuna aliyejua. Majina ya zile dawa..."

"Niambie moja tu, maana wewe ndiye uliyesoma. Ningempa zile za Masunga peke yake, angepona?"

Lukresia alipiga magoti mbele yake. Hapa ndipo ukuta wa mwisho ulipokuwa. Alitamani uongo, aliutafuta kila mahali ndani yake, na mama alikuwa akimtazama usoni bila kupepesa.

"Labda," alisema. "Labda angepona."

Mama aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepokea kitu alichokuwa amekiagiza. Hakulia. Aliinuka, akakaza kanga yake kiunoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa baba yako."

"Usiende!" Lukresia alimshika mikono yote miwili. "Mayu, nakuomba. Masunga ameshaondoka. Mimi nitarudi chuoni, nitazoea. Yameisha. Huyu mzee hatakusamehe, utaishije naye?"

"Na sasa ninaishije naye?" Mama alijitoa taratibu. "Kila asubuhi anamlaani yule kijana kabla ya chai, na mimi ndiye ninayemimina chai. Wewe umefungiwa likizo moja unaona dunia imeisha. Niache nipite."

Mzee Januarius alikuwa amekaa barazani, redio pembeni haijawashwa. Mama alikaa chini kwenye ngazi, miguuni pake, akatazama mbele.

"Baba Felisita, yule kijana hakumuua mwanetu."

"Tumeshaliongea hilo."

"Hatujaliongea. Umeliongea wewe. Dawa alizouza zilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyeongeza. Nilitafuta na nyingine, nikazitwanga zote kwenye uji, nikampa, nikampa tena. Zilikuwa dawa moja, sikujua. Ini likaungua. Ni mkono huu."

Aliuinua mkono wake, akautazama, akaurudisha mapajani.

Mzee Januarius alimgeukia Lukresia aliyekuwa amesimama mlangoni. "Hiyo kompyuta yako ndiyo imemwambia mama yako maneno haya?"

"Kompyuta iliniambia kwamba Masunga peke yake asingeweza, baba. Yaliyobaki nimeyasikia kwa Mayu mwenyewe. Hakukosea kuliko mtu mwingine yeyote. Angeweza kuwa wewe. Angeweza kuwa mimi, kama ningekuwepo."

"Nyamaza." Hakusema kwa ukali. Alikuwa amepauka midomo. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kichwa kile kilichoanza mvi, mabega yale. "Ulikuwa unamtibu," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na umeniacha miaka miwili namtukana mtoto wa watu? Leo nimemfukuza Kasmiri, rafiki yangu, na wewe upo hapo mlangoni unasikia?"

"Ulikuwa umeacha kula," mama alisema. Sasa sauti ndiyo ilianza kumvunjika. "Hukumbuki? Baada ya mazishi ulilala kitandani umegeukia ukuta. Nikasema nazika wawili. Halafu siku ile ukaamka ukasema, ni Masunga. Ukapiga ngumi meza. Na jioni yake ukaomba ugali. Ukala, Baba Felisita. Ningekunyang'anyaje?"

Mkono wa mzee ulishuka polepole kutoka kwenye kiti, ukasita hewani karibu na bega la mkewe, ukakaa pale bila kuligusa. Lukresia alitazama mkono ule mpaka macho yakamuuma. Kisha mzee akaurudisha, akainuka, akachukua fimbo yake, akateremka ngazi kuelekea zizini. Alipofika katikati ya uwanja alisimama, amewapa mgongo.

"Sijasema neno lolote kuhusu ndoa," alisema. "Mnielewe. Sijasema."

Akaenda. Alikaa na ng'ombe wake, na kutoka barazani Lukresia na mama yake walimsikia akiwaita majina moja baada ya jingine kwa Kisukuma, kwa sauti ambayo haikuwa ya kuwaita.

Geti bado lilikuwa na kufuli. Pasipoti ilikuwa bado sandukuni. Mama alikuwa ameegemea nguzo ya baraza, macho ameyafumba, anapumua kwa kinywa kama mtu aliyetua tenga la pamba. Lukresia alimfunika mabega kwa kanga yake, akakaa karibu naye, akatoa simu.

Iliita mpaka karibu kukatika. Masunga alipopokea, nyuma yake kulikuwa na injini, makondakta wakipiga kelele za Itilima, mtu akigongagonga bati la gari.

"Lukresia? Tunataka kuondoka. Kuna nini?"

"Mayu amesema."

"Amesema nini?"

"Yote. Kwa baba. Yeye mwenyewe."

Kelele za stendi ziliendelea. Alimsikia akiomba njia, samahani, nishushe, akimkanyaga mtu, akiomba radhi. Kisha akasikia hewa ya nje. Alingoja. Alijua lipi lingefuata, mwanamume yeyote angeuliza: na baba yako amesemaje? Nimesafishika? Nije?

"Yuko wapi sasa?" Masunga aliuliza, pumzi zikimpaa. "Mama. Yuko na nani? Asikae peke yake leo, Lukresia, unanisikia? Mshike mkono. Hajambo?"

Lukresia aliisogeza simu, akaiweka kwenye sikio la mama yake, na akauchukua ule mkono mapajani, akaushika.